Volti za Nguzo ya Mwisho

Kuzusawa, 18 Februari 1997

Dada Isuzu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Nakuandikia barua kwa sababu simu iko sebuleni, na Baba naye yuko sebuleni kutwa nzima, miguu chini ya meza ya joto, na masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Nina swali la umeme. Unajua mwezi wa nne ulivyo kwetu. Jalidi ikianguka usiku mmoja tu, machipukizi ya kwanza yanageuka kahawia kama yamechomwa, na chai ya mwaka imekwisha. Bila feni za kwenye nguzo kutusukumia chini ile hewa ya vuguvugu, hatuna kitu. Sasa feni mbili za shamba la kati huanza kwa kishindo. Lakini zile mbili za shamba la Mama, kule juu kabisa, hunguruma tu kama mbwa mzee, mabawa hayasogei, na taa ya ghala inafifia. Baba hupanda kule peke yake alfajiri, na baadaye nazisikia zinazunguka. Mwaka jana nilimuuliza anazifanya nini. Akasema, "Nazisalimia."

Mwaka huu nataka kazi ya kule juu iwe yangu. Niambie tatizo ni nini, kwa maneno ya mtu anayejua chai tu.

Baba hajambo. Anakula bakuli tatu za wali na kugombana na redio. Hajui kama nakuandikia.

Mdogo wako,
Teppei

*

Nagoya, 23 Februari 1997

Teppei,

Feni haisalimiwi. Feni hupewa volti, au haipewi. Mwambie hivyo. Au usimwambie, kwani tangu lini mtu akamwambia Baba kitu.

Unauliza tatizo. Tatizo nililitaja miaka saba iliyopita, siku ya mazishi ya Mama, mbele ya wajomba na bakuli zao za supu, na nadhani hata mtawa aliyekuja kusoma maombi alilisikia. Wiki ile Baba alikuwa amejipangia kuweka feni mbili kwenye shamba la Mama na kuzifunga kwenye mkia wa waya wangu. Nilipiga hesabu palepale, kwenye karatasi ya kufungia vijiti vya kulia, nikamtupia mezani: utabaki na volti mia moja sabini na tano! Akasema nini? "Aliyetoka nyumbani hana sauti juu ya waya wa nyumba." Basi. Sauti nimeitunza miaka saba. Leo unaiazima, kwa hiyo kaa chini usikilize.

Waya si shimo ambalo umeme unapita bure. Waya unakula. Kila mita inachukua kidogo, na kadiri mashine zinavyovuta mkondo mkubwa, ndivyo kila mita inavyochukua zaidi. Waya ule niliupanga mimi mwaka 1980, milimita za mraba ishirini na mbili, mita mia mbili sitini toka transfoma hadi shamba la kati, kwa feni mbili. Zikizunguka, volti tisa na nusu zinapotea njiani. Kati ya mia mbili, hiyo inavumilika. Baba akaongeza feni mbili: mkondo mara mbili, hasara mara mbili, kumi na tisa. Kisha akaurefusha mita mia moja sabini kupanda mlima: sita nyingine. Ishirini na tano zimeliwa kabla feni ya mwisho haijaonja kitu.

Na hapo ni zikiwa zinazunguka tayari. Mota inapoanza huvuta mkondo mara sita. Zikianza zote nne kwa pamoja, za juu zinaambulia makombo. Na nguvu ya mota haishuki sawa na volti, inashuka mbio zaidi: volti zikibaki nusu, nguvu inabaki robo. Ndiyo maana zinanguruma. Mota iliyokwama hivyo inajipika yenyewe hadi inaungua.

Nchi hii imejaa wanaume wanaodhani waya ni waya. Nimekaa nao kwenye vikao miaka ishirini na tano. Wananiambia "mbona taa inawaka, mama?" Taa! Hata mtu anayekufa hufumbua macho.

Dawa ni hizi. Waya mnene, milimita mia moja, toka transfoma hadi juu. Kama haiwezekani mwaka huu, weka saa za kuchelewesha: feni za juu zianze kwanza, moja moja, za kati zifuate. Kabla ya yote pima volti kwenye kisanduku cha nguzo ya mwisho, uniletee namba.

Waya nitakuja kuuvuta mwenyewe, mwezi wa tatu, nina likizo. Kwa sharti moja. Baba aniite. Sitaki aombe radhi, sitaki aseme nilikuwa sahihi. Aseme tu "njoo". Neno moja, hata kupitia kwako. Bila hilo sikanyagi Kuzusawa, na unanijua.

Isuzu

*

Kuzusawa, 25 Machi 1997

Dada,

Nimepima! Jana saa sita mchana, jua zuri. Nguzo ya mwisho: volti mia moja tisini na tisa. Nimepima mara tatu, mita ni ya fundi wa chama cha ushirika, si ya kuchezea.

Baba alinikuta nashuka na mita mkononi, ikabidi niseme kila kitu, hata barua. Nilidhani atanipiga kwa kofia. Akatazama namba niliyoandika kiganjani, akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Mia moja tisini na tisa! Mwandikie mhandisi."

Nikamuuliza, je, nimwambie aje? Akachukua kikombe chake akaenda kusimama dirishani. Chai yake ikapoa. Akasema, "Sasa hivi ana kazi zake." Nisamehe, Dada. Natamani ningekuandikia neno jingine.

Labda feni zinahitaji grisi tu. Nitazitia grisi.

Teppei

*

Nagoya, 28 Machi 1997

Teppei,

199. Vizuri. Basi waya wake ni mzima, na mimi ndiye niliyekosea mbele ya wajomba.

Hana haja nami. Tia grisi.

Isuzu

*

Kuzusawa, 27 Aprili 1997

Dada,

Ulikuja kwenye mazishi ya Baba, ukafukiza uvumba, ukasimama karibu na mlango kama mgeni wa mbali, ukaondoka na treni ya jioni. Hukuniuliza chochote. Nashukuru, na nilichukia. Sasa nakuandikia ambayo sikuweza kuyasema huku watu wanakula.

Tarehe kumi na nne jalidi ilishuka. Kipimajoto kikawasha feni zenyewe, kama kila mwaka. Mimi nilikuwa shamba la chini, ambako feni hazijafika, nawasha moto wa majani makavu. Nilimwambia Baba asitoke. Alijibu "ndiyo, ndiyo", kama anavyojibu redio. Kulipokucha sikumwona jikoni, nikapanda.

Alikuwa ameketi, mgongo kwenye nguzo ya mwisho, kofia kichwani. Kando yake mwanzi mrefu, ule wa kuanikia nguo ambao Mama alikuwa akiutumia. Ncha yake imefungwa kitambaa ili usikwaruze mabawa. Kumbe ndiko kusalimia kwenyewe. Feni ikikwama, alisimama chini yake na kulisukuma bawa kwa mwanzi mpaka lishike. Misimu saba, kila jalidi, mtu wa miaka sabini na ushee.

Ya kwanza aliiamsha. Nilipofika ilikuwa bado inazunguka juu yake. Ya pili iliungua, harufu yake ilikuwa imejaa shamba zima. Dada, ungeona. Nusu ya shamba la Mama ni kijani kibichi, nusu ni kahawia, na mpaka umepita katikati ya mistari kana kwamba mtu ameuchora.

Sasa mawili niliyokuficha.

Kwanza, moyo. Desemba daktari alimwambia asipande mlima tena. Ndiyo maana nilitaka kazi ya kule juu. Nilitaka kukuambia, akanikatalia: "Ukimwambia atakuja kwa ajili ya moyo wangu. Nataka aje kwa kuwa nimemwita." Nikamjibu, basi mwite! Akasema, "Kijana, usinikimbize."

Pili, ile mia moja tisini na tisa. Nilipima feni zikiwa zimezimwa. Zikizunguka mchana, bonde zima linazisikia, na Baba angejua nakufanyia kazi kwa siri. Kwa hiyo nilipanda kimyakimya, nikapima, nikashuka. Sikuona tofauti. Volti ni volti, nilidhani. Jana fundi wa ushirika alikuja kuitazama mota iliyoungua. Nilipomweleza aliniangalia namna ambayo sitaisahau. Akasema, "Tajiri, umempima farasi nguvu akiwa amelala."

Nimemuua, Dada? Nijibu kama mhandisi.

Teppei

*

Nagoya, 30 Aprili 1997

Teppei,

Najibu kama mhandisi. Hapana.

Sasa nyamaza, unisome mpaka mwisho.

Waya usiobeba kitu haupotezi kitu. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalowafundisha vijana wa ofisini, siku ya kwanza, kabla hata hawajajua choo kiko wapi. Unaweza kuchukua uzi mwembamba kama nywele, ukauvuta kilomita tatu, ukapima mwishoni bila mzigo: utapata volti zote. Utafurahi. Utarudi nyumbani. Hasara huonekana mzigo unapokaa, ule mkondo unapoanza kuvutwa na kila mita inapodai fungu lake. Nimewafokea watu wazima, wenye vyeti ukutani, kwa kupima waya uliolala. Mmoja nilimfukuza kazini.

Nawe nilikuandikia nini? "Pima volti kwenye kisanduku cha nguzo ya mwisho." Nimeitazama nakala yangu, maana mimi ni mtu wa kuweka nakala ili nishinde ubishi. Haisemi feni ziwe zinazunguka. Kwangu ni jambo la wazi mno hata sikuliandika, na wewe ni mkulima wa chai.

Hilo ningelisamehe. Lisilosameheka ni la pili. Uliponiletea 199, nilijua. Hakuna waya wa milimita ishirini na mbili duniani unaobeba feni nne kwa mita mia nne na thelathini ukabakiza 199. Mwanafunzi angejua. Nilihitaji kuuliza swali moja tu: zilikuwa zinazunguka? Ningeliandika kwenye kadi ya posta.

Lakini chini ya namba ile ulikuwa umeandika kwamba hakuniita. Nikalisoma hilo, nikaacha kufikiri. Miaka yote hii nawatukana wanaume wanaopendelea namba inayowaridhisha. Mimi nilichukua namba iliyoniumiza, nikaikumbatia, kwa sababu ilinipa haki ya kutokuja. Tofauti iko wapi?

Na yeye! Alijua ana moyo mbovu, alijua feni zinakwama, alikuwa na binti ambaye kazi yake ya kila siku ni hiyo, akachukua mwanzi wa kuanikia nguo. Nina hasira naye kiasi kwamba nilivunja bakuli. Nisingemkatalia. Angesema "njoo" kwa kunung'unika, kwa kunipa mgongo, hata kwa kuiambia redio. Ningekuja na treni ya kwanza.

Usikate vichaka vya upande wa kahawia mpaka nifike. Siku ya arobaini na tisa tangu kifo chake, ya kumwombea, nitakuwa huko. Sitasimama mlangoni.

Isuzu

*

Kuzusawa, 9 Juni 1997

Dada,

Asante kwa kukaa siku tatu. Mke wangu anasema hajawahi kuona mwanamke akimkaripia mtu wa transfoma hadi akavua kofia.

Ulipoondoka nilipanda kufungua kile kisanduku cha nguzo ya mwisho ulichoniambia nikisafishe kabla ya waya mpya. Nyuma ya swichi, kwenye mfuko wa nailoni wa chai yetu, palikuwa na mita ndogo. Ya Baba. Sikujua ana mita. Na karatasi. Nakutumia zote, sijabakiza hata moja, ingawa nilitaka.

Ya kwanza utaitambua. Ni ile ya kufungia vijiti vya kulia, ya siku ya mazishi ya Mama. Mwandiko wako, hesabu yako, na 175 uliyoizungushia duara mara mbili kwa hasira. Ina doa la supu. Nilidhani ilitupwa na mabaki.

Nyingine saba ni za mkono wake, moja kwa kila mwaka. Ya mwaka 1990 inasema hivi:

"Isuzu. Nimepima leo, zote nne zikizunguka. 175. Baba."

Ya 1991: "Isuzu. Nimepima. 176. Palikuwa na baridi zaidi. Baba." Ya 1992: "Isuzu. Nimepima. 175." Zinaendelea hivyo. Nadhani kila mwaka alikaa kule juu akaanza barua, akaandika namba, halafu hakujua baada ya namba mtu huandika nini. Unamjua. Hata kadi zake za mwaka mpya, Mama ndiye alikuwa akimwandikia.

Ya mwisho, ya 1996, ina mistari zaidi kwa nyuma, kwa wino mwingine. Tarehe ni 24 Machi mwaka huu, siku alipoiona ile namba kiganjani mwangu. Nainakili hapa, kwa maana mwandiko ni mgumu kusomeka:

"Teppei amepima zikiwa zimezimwa. Nimeona mabawa kutoka dirishani, hayakusogea. Nimecheka, kwa sababu Isuzu akiiona namba hiyo atakasirika na kuja kutugombeza yeye mwenyewe. Hatavumilia. Atakuwa hapa kabla ya mwezi kwisha. Hivyo sitahitaji kumwita. Nitasafisha chumba cha nyuma."

Dada, alikisafisha. Nilimkuta anapiga magodoro juani, nikadhani ni usafi wa majira ya kuchipua.

Nisamehe kwa kukutumia hii. Nimekaa nayo siku nne.

Teppei

*

Nagoya, 15 Juni 1997

Teppei,

Nimepokea zote.

Alinijua kuliko nilivyojijua, ila alikosea siku hiyo moja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona namba ya uongo nikanyamaza.

Sina zaidi. Waya utafika Novemba.

Isuzu

*

Kuzusawa, 12 Aprili 1998

Dada,

Jalidi ilishuka jana. Nilishika mwanzi chini ya nguzo ya mwisho kama mjinga, mkono ukafa ganzi, na sikuhitaji kuunyanyua. Ya juu kabisa ilianza kwanza, kisha jirani yake, kisha za kati, kama ulivyozipanga. Vichaka vya upande ule vilivyoungua vimetoa machipukizi. Machache, lakini ni ya kijani.

Sikupima. Nilibeba mita yake mpaka juu, nikairudisha mfukoni. Naona si kazi yangu. Jalidi nyingine inatabiriwa Jumatano. Chumba cha nyuma kipo, magodoro nimeyapiga juani.

Njoo.

Teppei

*

(Karatasi iliyokunjwa mara nne, kwenye mfuko wa nailoni, nyuma ya swichi ya nguzo ya mwisho)

16 Aprili 1998

Baba.

Nimepima leo, zote nne zikizunguka. 194.

Isuzu